Miezi minane na kisukari barabarani: daftari langu la namba kabla na baada ya kula

Mzee wa Ngumi

Wakuu habari za mchana. Uzi mrefu huu, kaeni vizuri.

Mimi ni dereva wa lori, miaka 49, njia yangu ni Dar–Tunduma. Miezi minane iliyopita nilianza kusimama njiani kukojoa kila baada ya muda mfupi. Chalinze nasimama, Morogoro nasimama, Mikumi mbugani ambako mtu mwenye akili hasimami, nasimama. Kiu nayo haiishi. Na kwa ujuaji wangu nikawa naituliza kwa soda baridi, mbili tatu kwa safari. Aliyenishtua ni utingo wangu. Tulilala Makambako, asubuhi akaniita nyuma ya gari: "Bosi, njoo uone." Pale nilipokojoa usiku sisimizi wamejaa kama kumemwagwa asali. Kijana wa miaka 22 ndiye aliyelitamka neno kisukari. Mimi nilikuwa nalo moyoni wiki nzima, mdomo ndio uligoma.

Zahanati wakanitoboa kidole, sukari ikasoma 19.4 mmol/L. Kesho yake hospitali, kabla ya kula chochote, 13.8. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kikasoma asilimia 10.6. Nikapewa metformin na karatasi yenye safu mbili, ruksa na marufuku. Safu ya ruksa imejaa vitu ambavyo sijawahi kuviona kwenye kibanda chochote kati ya Chalinze na Tunduma. Brokoli. Jamani, brokoli Igawa?

(Wiki ya kwanza ya metformin tumbo liliniendesha kuliko mimi nilivyoendesha lori. Ukiimeza katikati ya chakula, si tumbo tupu, linatulia. Msiitupe kwa sababu hiyo.)

Karatasi niliifuata wiki mbili, nikawa na hasira na kila mtu. Niliporudi kliniki nikakutana na daktari mwingine, kijana tu, akaniuliza nakula wapi. Nikamwambia kwa mama ntilie, siku sita kwa wiki. Akaikunja ile karatasi akasema, nunua mashine ya kupimia. Pima kabla ya kula, kisha pima masaa mawili baada ya tonge la kwanza. Andika ulichokula na kiasi chake. Kabla ya kula tunataka kati ya 4.4 na 7.2, baada ya masaa mawili isivuke 10. Chakula kikivuka, ama kipunguze ama kibadilishe kinachokaa nacho sahanini.

Nikanunua daftari la kurasa 48. Nawachotea kidogo, namba ya kwanza ni kabla, ya pili baada ya masaa mawili.

Ugali wa sembe sahani ya dereva (mnaijua, ile inayofanana na tofali) na nyama choma: 7.2, ikaenda 14.8.

Ugali wa dona, tofali lilelile, nyama ileile: 7.0, ikaenda 13.6. Hapa niliumia, maana kila mtu aliniambia hamia dona, utakula ushibe.

Sembe, kipande cha ngumi moja, maharage, mchicha sahani ya pembeni, samaki wa kukaanga: 7.1, ikaenda 9.3. Nikapima mara ya pili nikidhani mashine imekosea.

Chapati mbili na chai ya maziwa bila sukari: 6.9, ikaenda 12.7.

Uji wa ulezi, kikombe kikubwa, bila sukari hata chembe: 7.3, ikaenda 13.1. Na huu ndio nilikuwa nakunywa kila asubuhi kama dawa.

Viazi vitamu viwili vidogo vya kuchemsha na mayai mawili: 6.8, ikaenda 8.9.

Chipsi mayai: 7.0, ikaenda 10.4. Nikafurahi, nikasema kumbe si mbaya. Bahati nilipima tena masaa manne baadaye, nikakuta 11.7. Mafuta yanachelewesha tu, mzigo unafika usiku.

Mtaona hakuna brokoli hapo. Chakula ni kilekile cha barabarani, kilichobadilika ni ukubwa wa kipande na kinachokaa pembeni yake. Nusu ya sahani mboga, robo kitoweo, robo ndiyo ugali au wali. Mboga naanza nazo, na maharage, ugali nauingia mwishoni njaa imeshapungua ukali. Kisha naizunguka gari nikigonga matairi, dakika kumi na tano, nisiondoke palepale. Zile dakika peke yake zinanishushia pointi moja hivi, nimeshapima na bila kutembea.

Kazi kubwa ilikuwa kwa mama ntilie wangu wa Ruaha Mbuyuni. Siku ya kwanza namwambia punguza ugali uniongezee mboga, akaweka mwiko chini. "Ugali wangu umekukosea nini?" Nikamweleza. Akasikiliza, akaniwekea kipande. Nikamwambia hiki kikubwa, nataka cha ngumi. Akakunja ngumi yake akaonyesha. Nikakunja yangu. Wateja wakaingilia, ngumi ya nani sasa, ya mpishi au ya mlaji? Tukakubaliana yake, maana ni ndogo. Siku hizi nikishuka tu kwenye gari anapiga kelele jikoni, "Wa ngumi kafika!" Jina langu humu mmelipata huko.

Sasa sehemu ya hatari, msome vizuri. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeongezewa kidonge kingine, glibenklamidi. Nikawa nimepunguza ugali, kilo zinashuka, na kidonge nakimeza vilevile. Siku hiyo foleni ilitushika, sikula mchana. Tunapanda Kitonga nikaanza kutoka jasho la baridi, mikono inatetemeka kwenye usukani, kona naziona mbilimbili. Utingo akaniambia bosi simama. Nikapata pa kuegesha, nikapima: 3.1. Nikanywa soda nusu chupa, tukasubiri dakika 15, ikasoma 4.6, nikala mkate na yai. Sikuondoka pale mpaka saa nzima ilipita. Tani thelathini mgongoni, mlima ule, mnaujua. Kliniki wakakitoa kile kidonge.

HbA1c ya mwezi wa nne ilikuwa 7.4, ya wiki iliyopita 6.7. Nilikuwa na kilo 101, sasa 90. Metformin bado nameza. Karibuni na daftari zenu.

Kijana wa Sinza

Mkuu nimeweka kambi hapa. Kwa kifupi ugali tunakula au hatuli?

Mzee wa Ngumi

Tunakula. Ngumi moja. Ya mama ntilie.

Nesi Kilaza

Mleta uzi, hongera. Nipo kliniki ya kisukari mwaka wa tisa sasa na wagonjwa wenye daftari kama lako nawahesabu kwa vidole.

Niongezee kuhusu dona, maana kila wiki naulizwa. Dona haikukobolewa, kwa hiyo ina nyuzinyuzi, vitamini na madini kuliko sembe. Ni chakula bora, kuleni. Lakini wanga wake haupishani sana na wa sembe, na zote mbili ni unga. Nafaka ikishasagwa laini, mashine imeshakutafunia. Ndiyo maana uji ulikupandisha namna ile. Ulezi wenyewe hauna kosa. Umesagwa, umepikwa ukalainika, halafu unaumeza bila kutafuna, tumbo limebakiwa na kazi gani? Ule uji wa lishe wa nafaka saba mnaouziwa na picha ya mzee mwenye afya ni hadithi ileile. Anayeutaka anywe kikombe kidogo, mzito kiasi, na yai au karanga pembeni, kisha apime.

Kunde, choroko, dengu, mbaazi na maharage zina wanga pia, ila umefungwa ndani ya nyuzinyuzi na protini, unatoka pole pole. Kwa mtu asiye na uwezo wa nyama kila siku, hiki ndicho kitoweo. Na mboga zetu, mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, bamia, nyanya chungu, hizo jaza sahani. Angalia mkono kwenye karanga na tui tu, maana uzito ukirudi na sukari inarudi.

Kuhusu kushuka: metformin ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inailazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula au hujala. Kwa hiyo yeyote anayemeza jamii hiyo au anayechoma insulini, akitaka kupunguza wanga aanzie kwa daktari wake, dozi ipunguzwe pamoja na ugali. Chini ya 3.9 hiyo ni kushuka, usisubiri kuona mbilimbili. Sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au soda nusu (ya kawaida, si ile isiyo na sukari!), subiri dakika 15, pima tena.

Tabibu wa Vichakani

Mnajitesa bure na hizo mashine. Majani ya mpera, mlonge na mdalasini, chemsha pamoja, glasi asubuhi na jioni siku 21. Dawa za hospitali weka kando zisigombane. Wengi wamepona. Njoo PM, tuongee faragha.

Mchimba Kisima

Tabibu, mjomba wangu alizipata hizo siku 21. Aliacha vidonge, miguu ikaanza ganzi, akakanyaga kipande cha bati shambani hakusikia. Kidonda tulikiona siku kilipoanza kunuka. Mguu ukakatwa chini ya goti. Wa PM hakupokea tena simu.

Nesi Kilaza

Mlonge ni mboga, kuleni majani yake kama mnavyokula mchicha, hamna ugomvi. Mdalasini wekeni kwenye chai mkipenda. Kuacha dawa ndiko kunakoleta vidonda na kukata miguu.

Na muwe macho na vidonge na unga visivyo na lebo inayoeleweka. Singapore mwaka 2008 watu zaidi ya 100 walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, wengine walikufa, na hawakuwa hata na kisukari. Walikuwa wamemeza vidonge haramu vya nguvu za kiume. Vilipopimwa vikakutwa na glibenklamidi ndani. Kwa hiyo dawa ya "asili tupu" ikikushusha sukari kwa siku mbili, jiulize kuna nini ndani yake.

Tabibu wa Vichakani

Mnatetea wazungu.

Kijana wa Sinza

Tabibu weka daftari lako kama la mleta uzi. Kabla na baada.

Mama Tunu

Nimesoma yote. Mimi mgonjwa ni mama yangu, ana miaka 71, yupo kijijini Machame, na ninaandika kwa sababu kosa tulilolifanya sisi watoto sijaliona likisemwa.

Alipogunduliwa tulimnunulia sufuria yake. Chakula cha bibi kinapikwa pembeni, bila chumvi, bila mafuta, bila ladha. Wajukuu wanakula machalari, yeye analetewa kabichi ya kuchemsha kwenye bakuli lenye mfuniko kama mgonjwa wa wodini. Wiki ya pili akaanza kusema ameshiba. Sukari haishuki, 14, 15, tunashangaa, huyu anakula nini? Siku moja nafua kanga zake nikasikia kitu kigumu kwenye pindo. Sukari guru. Ameifunga fundo kama mtu anayeficha hela ya kikoba. Nilipomuuliza hakukataa. Alisema, "Mmenitenga, nikajitafutia pa kujifariji." Nililia jikoni.

Tukaitupa ile sufuria. Sasa nyumba nzima inakula chakula cha bibi, yaani chakula cha kawaida kilichotulizwa. Mtori unapikwa na ndizi mbichi pungufu, nyama na karoti zaidi, hausagwi ukawa maji. Maharage na mboga kila siku. Chai haina sukari kwa wote, wanaotaka wanajiwekea huko huko walipo, kopo la sukari halikai mezani. Watoto walinuna siku tatu wakazoea. Ndizi mbivu anakula moja ndogo baada ya chakula, si njaa tupu. Mara ya mwisho alikuwa 8.2 asubuhi. Si namba ya kujisifia lakini kwa umri wake daktari amesema tusimkimbize, akishuka akaanguka akavunjika nyonga ni msiba mkubwa zaidi.

Mzee wa Ngumi

Dada Mama Tunu, hilo la fundo la kanga limenigusa. Mpe shikamoo zetu bibi.

Mwana wa Thika

Salaam kutoka Thika. Huku kwetu githeri ndiyo imeniokoa, mahindi mazima na maharagwe, hayajaona kinu wala mashine. Naweka kabeji na kipande cha parachichi. Chapati nimebakisha moja Jumapili, maana maisha bila chapati ni kifungo.

Swali langu. Nalala nikiwa 6.8, sili kitu usiku, naamka 8.9. Nani ananilisha usingizini?

Nesi Kilaza

Ini lako. Alfajiri mwili unatoa homoni za kukuamsha, na ini linafungua ghala lake la sukari likijua mwenye nyumba anaamka. Kwa asiye na kisukari insulini inalizuia palepale. Kwako insulini haifanyi kazi sawasawa, hivyo sukari inapita. Kwa hiyo usijilaumu kwa chakula cha usiku peke yake, na usijinyime kula ukidhani utaikomesha. Jaribu kula jioni mapema na utembee kidogo baada ya kula. Ikiendelea kubaki juu, mwonyeshe daktari namba za wiki nzima, dozi au muda wa dawa unaweza kubadilishwa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mie nipo Unguja. Nyote mwasema ugali, mie nisemee futari, maana kwetu hapa kisukari hupandishwa na Ramadhani.

Futari yetu mwaijua: muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi zilokoza, viazi vikuu, tambi za sukari, vibibi, na juisi ya ukwaju ilotiwa sukari mpaka kijiko chasimama. Mtu kafunga saa kumi na tatu, akikaa kitako hapo hajui kapita wapi. Mwaka wa kwanza nilipima baada ya tarawehe, 17.8. Nikasema hii saumu au karamu?

Sasa nafanya hivi. Mwezi kabla, Shaaban haijaisha, naenda kwa daktari kupangiwa upya dawa, ile ya asubuhi huhamia magharibi. Nafungua kwa tende moja na maji, naswali, ndipo narudi mezani. Katika vyote vya nazi nachagua kimoja, kipande cha muhogo au cha kiazi, pamoja na samaki na mchuzi wa mbaazi. Juisi nimeiaga. Daku naichelewesha hadi karibu na adhana, nala mayai na maharage na mkate mdogo wa unga usokobolewa, uji wa daku nawaachia watoto.

Na mchana napima. Wapo wanaoogopa kujitoboa wakidhani kunafunguza, sheikh wetu katwambia hakuharibu saumu, nanyi muulizeni wenu. Daktari kanipa mipaka miwili: ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, nafungua papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa. Mwaka jana nilifungua siku mbili na nikazilipa. Mungu hakututia uzito.

Tende, shoga zangu, ni sukari. Asali ni sukari. Sunna haikusema sahani nzima.

Fundi Rangi

Yote sawa, lakini mnazungumza kama stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu kwenye mashine, zinaokotwa. Mashine unaweza kupewa hata bure, ukifika kwenye stripu ndiyo unajua kwa nini ilikuwa bure. Mimi kibarua. Nikipima mara nne kwa siku watoto watakula nini?

Mzee wa Ngumi

Hapo umesema kweli na sina jibu zuri. Mimi nilijibana hivi: sipimi kila siku. Nachagua mlo mmoja kwa wiki, ule ninaoula sana, naupima kabla na baada, stripu mbili. Nikishaujua siupimi tena, naenda mwingine. Miezi miwili nikawa najua milo yangu yote minane, maana ukweli mtu hana milo zaidi ya minane. Boksi la 50 lilinikalia muda mrefu. Zaidi ya hapo napima nikijisikia vibaya tu, na kabla ya kupanda Kitonga.

Halafu oga mikono! Namaanisha nawa. Siku moja nilikuwa nimemenya embe nimpe utingo, nikajitoboa bila kunawa, ikasoma 16.9. Nikaanza kutubu dhambi zote. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, kidole kingine: 7.9. Ule utamu wa embe kwenye ngozi ndio ulipimwa. Stripu moja ikaenda na maji.

Nesi Kilaza

Nyongeza kwa Fundi Rangi. Asiyetumia insulini wala dawa za kushusha kwa nguvu halazimiki kupima kila siku. HbA1c kila miezi mitatu hadi sita inatosha kuonyesha mwelekeo. Ila mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amwambie daktari, kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Na wasio na pesa ya chochote waanze na kilicho bure kabisa: soda na juisi zikome leo. Soda moja ya mililita 350 ina sukari vijiko vya chai vinane au tisa, na haina kitu cha kuizuia njiani. Kiu ya kisukari maji tu.

Mchimba Kisima

Chungwa je? Maana nimeambiwa matunda yote marufuku.

Nesi Kilaza

Chungwa moja ulimenye ulile na nyama zake, sawa. Glasi ya juisi ina machungwa matatu au manne na umezitupa nyuzinyuzi. Papai kipande, pera, sawa. Embe bolibo zima peke yako, hapana, kula nusu, nusu mpe utingo.

Mbongo wa Glasgow

Mleta uzi umesema bado unameza metformin. Nikuongezee kitu kilichofanyika huku nilipo. Vyuo vikuu vya Glasgow na Newcastle viliendesha utafiti unaoitwa DiRECT, majibu ya mwaka wa kwanza yakatoka Desemba 2017. Waliwachukua watu wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita, wasiochoma insulini, wakawasimamishia dawa na kuwapa chakula cha kalori 825 hadi 853 tu kwa siku, tena cha kunywa, kwa miezi mitatu hadi mitano, halafu wakarudishwa taratibu kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na HbA1c chini ya 6.5 bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 na zaidi, asilimia 86.

Mwaka wa pili wakabaki asilimia 36. Waliorudisha kilo wengi wao sukari iliwarudia. Kwa hiyo huku hawasemi kimepona, wanasema kimetulia.

Kijana wa Sinza

Kalori 825 si ndiyo chipsi kavu moja?

Mbongo wa Glasgow

Ukiiwekea yai na soda umeshapita. Na wale walikuwa chini ya uangalizi wa kliniki kila wiki chache. Mtu asijifungie ndani na maji ya limao akasema anafanya DiRECT.

Nesi Kilaza

Hasa mwenye glibenklamidi, insulini, mjamzito, au aliyekwishaambiwa figo zimeguswa. Wa figo hata hii sahani ya maharage na mboga tele anaweza kupangiwa tofauti. Mzee wa Ngumi, kilo 11 umeshapunguza. Usijitoe kwenye dawa mwenyewe, lakini ukirudi kliniki waulize kuhusu hilo. Na macho umeshapimwa? Kila mwaka, tena wewe unaendesha usiku.

Mzee wa Ngumi

Macho bado, nakiri. Nitaenda mwezi huu, nikirudi nitawaambia.

Mtoto wa Rungwe

Nimechelewa kwenye uzi. Kwetu ugali si sana, sisi ni ndizi za kupika, viazi mviringo na magimbi. Ndizi mbichi za kuchemsha na maharage zinanikalia vizuri, natoka 6.9 naishia 9 kasoro. Viazi mviringo vya moto vinanirusha. Magimbi je, kuna aliyepima?

Mzee wa Ngumi

Sijapima. Jumamosi nashusha mzigo Mbeya, nitapandisha Tukuyu kwa mama mkwe, na yule haijawahi kutokea nikafika asinipikie magimbi. Nitaenda na stripu mbili. Tatizo lake ni kwamba hajui ngumi ni nini.